Mwizi wa Betri

Msomaji, yumkini wewe huna gari, na yumkini hata nyumbani kwenu halipo. Hilo lisikuzuie kuendelea kusoma. Habari ninayotaka kukusimulia ni habari ya gari kwa upande mmoja tu; kwa upande wa pili ni habari ya kijana wa umri wako aliyehukumiwa kwa kosa asilolitenda, na hakimu aliyemhukumu ni mimi.

Mwaka wa 2019 nilikuwa nikikaa Bahati, katika nyanda za juu kaskazini ya Nakuru. Nakuru wakati huo ilikuwa mji. Hadhi ya jiji iliipata Desemba 2021. Nilikuwa mwalimu, na shule niliyofundisha ilikuwa mjini, kwa hiyo kila siku ya kazi niliteremka asubuhi na kupanda jioni kwa gari dogo lililotoka Japani, ambalo lilikuwa limekwisha mtumikia mtu mwingine huko kabla ya kuvuka bahari kuja kunitumikia mimi. Nyumbani tulikuwa watatu: mama yangu mzazi, mwenye maradhi ya sukari, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Njoro, na mimi. Mpwa wangu alikuwa kidato cha nne katika shule ya kutwa iliyo karibu na nyumba yangu. Dada yangu alimleta kwangu ili asipoteze saa nyingi njiani katika mwaka wa mtihani.

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ikiwa kali na ukungu umelala juu ya mashamba, niliingia garini nikazungusha ufunguo. Badala ya ngurumo nilisikia mlio mdogo, tak, tak, tak, kama mtu agongaye mlango kwa ukucha. Taa za mbele ya usukani zilififia zikawa kama makaa yanayokufa, kisha zikazimika. Jirani alileta gari lake, tukaunganisha betri yake na yangu kwa nyaya, gari likawaka. Nilimshukuru, nikaenda kazini, nikasahau. Juma lote gari halikunisumbua. Jumatatu iliyofuata likalala tena.

Hapa sina budi nikueleze kidogo betri ni kitu gani, maana bila ya kuijua utaniona mjinga kuliko nilivyokuwa. Betri ya gari ni sanduku lenye vyumba sita. Katika kila chumba mna mabamba ya risasi (si risasi ya bunduki, ni yale madini mazito ya kijivu) yaliyotumbukizwa katika asidi iliyochanganywa na maji. Kila chumba hutoa volti 2 na sehemu kidogo, na vyumba vyote sita vikiunganishwa hutoa volti 12.6 hivi betri inapokuwa imejaa. Mfaransa mmoja, Gaston Planté, aliibuni betri ya namna hii mwaka wa 1859, kabla ya motakaa kuzaliwa, na asili yake haikubadilika sana hata leo. Wenye motakaa za kwanza hawakuwasha injini kwa betri. Walisimama mbele ya gari wakazungusha hendeli kwa nguvu za mikono, na mara nyingine hendeli ilirudi nyuma kwa ghafula ikamvunja mtu mkono. Ni mwaka wa 1912 ambapo kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipoanza kuuza gari lenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, na tangu hapo mwenye gari akaweka mikono yake salama na kuitegemea betri.

Fikiri juu ya betri kama mtungi wa maji. Stata huchota maji mengi kwa mara moja. Gari likisha kuwaka, altaneta, ambayo huzungushwa na injini, huujaza mtungi tena polepole njiani. Basi mtungi ukikutwa mtupu asubuhi, mambo ni matatu: ama haukujazwa, ama umepasuka, ama kuna anayekunywa usiku.

Fundi wa kwanza niliyemwendea aliamua kwamba mtungi umepasuka. Hakupima kitu. Aliitazama betri, akafuta vumbi kwa kidole, akasema, "Hii ni nzee, Mwalimu. Nunua mpya." Nilinunua, na fedha iliyonitoka siku hiyo ilikuwa ya karo. Ile nzee nilimwachia mwenye duka, akanipunguzia bei kidogo kwa ajili ya risasi iliyomo. Betri kuukuu haitupwi ovyo, msomaji. Risasi yake huyeyushwa ikatumiwa tena, na ikiyeyushwa bila ya hadhari huwa sumu ya watu. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliugua kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri karibu na nyumba zao. Walikwenda mahakamani, wakapewa haki ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, wakaipoteza katika rufani, wakairudishiwa na Mahakama ya Juu mwezi wa Desemba 2024. Mimi siku ile sikuyafikiri hayo. Nilifurahi tu kuondokana na betri mbaya. Sasa najua kuwa haikuwa mbaya. Huyo ndiye wa kwanza kuhukumiwa bila ya kosa, na kwa kuwa betri haina kinywa, hakuna aliyelalamika.

Betri mpya ilinipa Jumatatu mbili njema. Ya tatu ikalala.

Nilirudi ndani ya nyumba nimekasirika, nikaketi, nikaanza kufikiri. Na kufikiri kwa mtu aliyekasirika si kufikiri, ni kutafuta wa kumkasirikia. Nilijiambia: mtungi ni mpya, haukupasuka. Altaneta inajaza, maana siku nyingine za juma gari linawaka vizuri. Basi kuna anayekunywa. Naye hunywa lini? Gari hulala siku za Jumatatu. Ni jambo gani hutokea kabla ya Jumatatu? Jumamosi mpwa wangu huliosha gari. Ninampa ufunguo ili apige deki ndani, nami mara kadha wa kadha nimesikia redio ya gari ikitangaza mpira. Hesabu ilikubali kila upande. Nilijiona nimekuwa hodari kama askari wa upelelezi.

Nilimwita. Nilimwuliza kama hufungulia redio ya gari siku za Jumamosi. Alijibu, "Ndiyo, Mjomba. Juzi niliifungulia robo saa hivi, nikasikiliza mwisho wa mpira, kisha nikaizima." Ona jinsi mtu anayesema kweli anavyojitia hatarini: angalikana, ningalibaki na shaka, kwa kuwa alikubali robo saa, mimi nilimwongezea usiku mzima. Nilimwambia kuwa robo saa haiwezi kuua betri mpya. Neno hilo lilikuwa kweli tupu, nalo lilikuwa ushahidi wa kumtetea. Lakini mimi nililitumia kumshitaki. Nilisema kwamba anadanganya. Nilisema mengine juu ya fedha ya betri na juu ya watoto wa siku hizi ambayo sitayaandika hapa. Yeye alisimama ameinamisha kichwa, akasema mara moja tu, "Nimesema robo saa." Nikauchukua ufunguo kutoka mahali pake ukutani, nikautia mfukoni.

Jumatano alifunga sanduku lake la bati na godoro lake, akaomba ruhusa arudi kwao Njoro. Sikumfukuza, lakini pia sikumzuia, na mtoto hujua tofauti yake ni ndogo.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya mama kwenda kliniki mjini. Tangu Ijumaa jioni ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na hakuna aliyeligusa gari hata kwa kitambaa. Saa kumi na mbili mama alikuwa amekwisha vaa koti na kujifunga leso kichwani, kadi ya hospitali mkononi. Nikazungusha ufunguo. Tak, tak, tak.

Jirani alikuwa amesafiri. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mwisho nilimtafuta kijana wa bodaboda, tukampandisha mama nyuma ya pikipiki, mwanamke aliyepita miaka 70, nami nikafuata kwa matatu. Alifika amelowa na vidole vimekufa ganzi, na foleni ilikuwa ndefu kwa kuwa tulichelewa. Tukiwa tumeketi kwenye benchi, hakunilaumu juu ya gari wala juu ya mvua. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, kana kwamba anauliza saa ngapi: "Mwanangu, Jumamosi hii mtoto hakuwapo. Redio imefunguliwa na nani?"

Sikuwa na jibu.

Basi Jumatano niliomba ruhusa ya alasiri, nikalipeleka gari kwa mzee mmoja wa jua kali mjini ambaye kazi yake ni umeme wa magari tu. Huyu hakuanza kwa betri. Alianza kwa maswali, kama mganga mwema. Gari hulala kila siku, au siku moja? Ijumaa hulisimamisha saa ngapi? Jumatatu huliwasha saa ngapi? Nilipomaliza kujibu alicheka kidogo, akasema, "Mwalimu, umeitazama Jumamosi kwa sababu ndani yake kuna mtu. Mimi naona saa 60 ambazo gari limesimama." Tangu Ijumaa saa kumi na mbili jioni hata Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60 kamili. Mimi ni mwalimu, na hesabu hiyo sikuwa nimeifanya.

Aliwasha injini akaweka kipimo kwenye ncha mbili za betri: volti 14.2. Altaneta ni nzima. Alizima injini: volti 12.1, yaani betri imekunywewa nusu na zaidi, ingawa nilikuwa nimetoka kuendesha. Kisha akafanya jambo ambalo fundi wa kwanza hakulifanya. Aliufungua waya wa ncha hasi ya betri, akaweka kipimo katikati ya waya na ncha, ili kila umeme utokao betrini usiwe na njia ila kupita ndani ya kipimo na kuhesabiwa. Akafunga milango yote, akatoa ufunguo, akaniambia tungoje nusu saa, kwa sababu magari ya siku hizi yana vyombo ambavyo hukawia kulala, na ukipima kabla havijalala utamshika asiye mwizi. Neno hilo lilinichoma, ingawa hakuwa na habari.

Tulikunywa chai. Tuliporudi, kipimo kilionyesha ampea 0.45.

"Gari lililolala," alisema mzee, "hunywa kidogo sana, kwa ajili ya saa na kumbukumbu ya redio. Likinywa chini ya 0.05 sina neno nalo. Hili linakunywa mara tisa ya hiyo." Akafungua kisanduku cha fyuzi, akaanza kuzichomoa moja moja. Alichomoa moja, akatazama kipimo, akairudisha. Akachomoa ya pili, akatazama, akairudisha. Hakuruka hata moja, wala hakuanza na ile aliyoidhania. Nilimwuliza kwa nini hachomoi ya redio kwanza, maana mimi nilikwisha kata shauri juu ya redio. Alijibu, "Nikianza na ninayemdhania, nitaacha kuwatazama wengine." Ya redio ilifika zamu yake. Akaichomoa. Kipimo hakikutikisika.

Msomaji, nilikitazama kipimo kile kama mtu anayesomewa hukumu yake.

Fyuzi ya tisa au ya kumi, ndogo, kipimo kikaanguka kutoka 0.45 mpaka 0.03. Hiyo ilikuwa fyuzi ya taa za ndani. Mzee akachungulia kwenye dari: taa ya dari imezimika. Taa za milango: zimezimika. Akazunguka nyuma, akafungua buti. Taa ndogo ya buti ilikuwa ikiwaka.

"Si ndiyo hiyo?" nilisema kwa haraka.

"Ngoja," alisema. "Buti likifunguliwa, taa yake hupaswa kuwaka. Ndiyo kazi yake. Nitajuaje ilikuwa ikiwaka kabla sijafungua?"

Nataka utue hapa kidogo, maana jambo hili ndilo lililonipita mimi miezi yote. Kwa juma nililifungua buti lile mara tatu au nne. Kila nilipolifungua niliiona taa inawaka, nikaona ni sawa, kwa kuwa ni sawa. Ukweli wa taa ile ulikuwa gizani, baada ya mfuniko kufungwa, mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kuwapo. Na ukijaribu kulipeleka jicho huko, kufungua kwenyewe kunaharibu ushahidi. Mwizi hodari hujificha mahali ambapo kila mtu anategemea kumwona.

Mzee aliomba simu yangu. Akaiweka ianze kupiga picha za video, akailaza ndani ya buti ikiitazama taa, akafunga mfuniko, akahesabu mpaka 20, akafungua. Tulitazama pamoja. Mwanga wa mchana ukaingia, mfuniko ukashuka, mchana ukatoweka. Na taa ikabaki inawaka peke yake katika giza, tulivu kabisa, ikiangaza gurudumu la akiba na kamba moja ya katani.

Ilikuwa taa ya wati 5. Wati 5 kwa volti 12 ni ampea 0.42, na ile 0.03 ya saa na redio ukiiongeza unapata 0.45 yetu. Kwa saa 60 hiyo ni ampea-saa 27, na betri yangu mpya ilikuwa ya ampea-saa 45. Gari linalobakiwa na 18, katika baridi ya asubuhi ambayo huizubaisha betri na kuyafanya mafuta ya injini kuwa mazito, haliwezi kuwaka. Na robo saa ya redio? Tuseme ilitumia ampea 2: basi mpwa wangu alikunywa nusu ya ampea-saa moja. Nilizifanya hesabu hizi nyuma ya bahasha, nimesimama juani. Zilichukua dakika mbili.

Palibaki kujua kwa nini. Karibu na komeo la buti pana kitufe. Mfuniko ukishuka hukibonyeza, na kikibonyezwa taa huzimika. Kibati kinachokishika kitufe kile kilikuwa kimepindwa kwenda chini kiasi cha upana wa kidole, hata mfuniko ulifunga vizuri bila ya kukigusa. Mzee akauliza, "Ulipakia nini humu, Mwalimu?"

Viazi. Mwisho wa Mei nilikwenda Molo kwa ndugu yangu, alimaye viazi, akanipa magunia matatu. Buti lilikuwa la magunia mawili. Mpwa wangu alikuwa pamoja nami, naye alisema, "Mjomba, tuache moja, tutalirudia." Mimi sikutaka kulirudia. Nililisukuma lile la tatu kwa goti, kisha nikaulalia mfuniko kwa kifua mpaka ukafunga. Kitu kililia, kach. Nikasema ni gunia. Jumatatu za kulala zilianza baada ya safari ile.

Mzee alikinyosha kibati kwa koleo, akaweka simu ndani mara ya pili ili tuhakikishe, na safari hii picha ilipofika mfuniko unaposhuka ikawa nyeusi tupu. Malipo yake hayakufika hata sehemu ya kumi ya bei ya betri.

Sikupanda Bahati jioni ile. Nilishika njia ya Njoro. Dada yangu alinipokea kwa adabu, lakini chai ilikawia kuja. Mpwa wangu alikuwa ameingia dakika chache kabla yangu, yungali na sare, viatu vyeupe kwa vumbi. Juma zima alikuwa akiamka saa kumi za usiku, apande matatu mpaka Nakuru, na nyingine mpaka Bahati, na jioni arudi vivyo hivyo. Madaftari yake yalikuwa juu ya meza kando ya taa, na niliona alikuwa amelala juu yake, maana ukurasa ulikuwa umekunjika na alama yake ilikuwa shavuni.

Nilisema mbele ya mama yake na baba yake kwamba nilimshitaki uongo. Kwamba haikuwa redio yake, ilikuwa magunia yangu. Na kwamba aliponiambia tuache moja ndipo betri ilipoanza kufa. Niliwaonyesha picha ya simu. Baba yake aliitazama mara mbili. Kijana aliitazama mara moja.

"Mjomba," alisema, "nilikuambia robo saa."

"Uliniambia."

"Niliizima."

"Uliizima. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe, wala sikumdai neno hilo. Aliondoka akaenda nje kwenye gari, akafungua buti, akakitafuta kitufe kwa kidole. Alikibonyeza, taa ikazimika, alikiachia, ikawaka. Alifanya hivyo mara nyingi, ananyamaza, nami nimesimama kando yake. Kisha akaingia ndani akatoka na sanduku lake la bati. Nilitaka kumpokea, akasema, "Niache tu, Mjomba." Alililaza katikati, mbali na komeo, akakunja godoro akaliegemeza upande wa viti, akaufunga mfuniko kwa mikono miwili bila ya kuusukuma. Jua lilikuwa limekwisha tua nyuma ya Mau. Akainama, akaweka jicho kwenye ufa wa mfuniko, akachungulia kwa muda mrefu.

"Giza," alisema, akaenda kuaga mama yake.